Visiwa Vilivyo Mbele ya Mji



Tuliombwa kusema habari za zamani za mji wetu wa Unguja, kwa kuwa mwaka huu ni mwaka wa yubile. Nasi tukafikiri, Tuseme nini ambacho hawajakisikia? Habari za soko la Mkunazini mmezisikia tangu utoto: jinsi mapatano yalivyotiwa sahihi tarehe 5 Juni 1873 kati ya Seyyid Barghash na Waingereza, soko likafungwa, na siku ya Krismasi ya mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa likawekwa mahali pale watu walipokuwa wakiuzwa. Jambo hilo ni kubwa, wala halichakai kwa kusimuliwa. Lakini kila mwenye kulisimulia husimama Mkunazini, akaipa bahari mgongo. Sisi leo twataka kugeuka tuelekee pwani, tuvitazame visiwa vidogo vilivyo mbele ya mji, ambavyo twaviona kila siku, na aghalabu hatuviulizi neno.

Mtu akisimama Forodhani asubuhi, kabla jua halijawa kali, huviona pasipo taabu. Kwa upande wa kaskazini kuna Chapwani, kisiwa chembamba chenye miti mingi, kimelala juu ya maji kama mtumbwi. Changuu kiko kaskazini magharibi, kama maili tatu na nusu kutoka mjini. Urefu wake yapata nusu maili, na upana wake mtu aweza kuuvuka kabla hajamaliza kumsimulia mwenziwe habari moja. Bawe kiko magharibi, peke yake. Huko kusini kuna Chumbe, chenye mnara wa taa uliojengwa mwaka wa 1904, lakini Chumbe ni mbali, nasi hatutafika huko leo. Jina la Changuu latokana na samaki, yule changu tunayemla kila siku. Wavuvi waliokipa kisiwa jina lake hawakuona hapo gereza wala makaburi, waliona kitoweo. Nasi tungependa jina hilo lidumu, kwa sababu tutakazozisema baadaye.

Visiwa hivi vyote ni jiwe la matumbawe, lile lile lililojengewa mji. Ukipapasa ukuta wa nyumba ya kale ya Shangani au Malindi, mahali chokaa ilipobanduka, utaliona jiwe lenye vitundu vitundu, na pengine alama ya kiumbe cha baharini ndani yake. Changuu palikatwa mawe ya namna hiyo. Basi visiwa na mji ni ndugu wa damu moja, tena mji umekula katika mwili wa kisiwa. Lakini ndugu huyu mkubwa alimtendea mdogo wake jambo ambalo ndilo tulilokuja kulisema: kila kitu ambacho mji ulikiogopa, au ulikionea haya, au haukujua mahali pa kukiweka, ulikipakia katika mashua ukakipeleka kisiwani. Ulipeleka watumwa wakaidi, na wafungwa ulitaka kuwapeleka. Wagonjwa walikwenda huko, na maiti wa wageni wakazikwa huko. Tutaeleza moja moja, wala hatutakwenda kwa haraka mahali penye uzito.

Tuanze na watumwa, kwa kuwa wao ndio walioanza.

Seyyid Majid, aliyetawala Unguja tangu mwaka wa 1856 hata 1870, aliwapa Waarabu wawili kisiwa cha Changuu. Nao wakakitumia kuwafungia watumwa waliokuwa wakaidi, kabla ya kuwapeleka ng'ambo au kuwauza sokoni. Fikirini maana ya neno hilo, “wakaidi”. Katika vinywa vya wenye mali mkaidi ni mtu aliyekataa. Huenda alijaribu kutoroka, au alimrudishia mwenye kiboko neno lake, au alikaa chini tu akasema, Sifanyi. Watu wale walitoka bara, wengi katika nchi za Wayao na za ziwa la Nyasa. Walikuwa wamekwisha kutembea miezi mingi hata Kilwa, wakapakiwa majahazini wakabanwa kama magunia, na wenzao wengi walikufa njiani. Mtu aliyepita katika mambo hayo yote, hata akafika Unguja angali na nguvu ya kukataa, huyo ndiye aliyepelekwa Changuu.

Tena kisiwa hakikuhitaji ukuta. Maji ndiyo ukuta. Mfungwa aliuona mji mbele ya macho yake mchana kutwa: minazi, madari meupe, majahazi yakitweka tanga. Usiku aliona taa. Kama upepo ulikuwa mwema huenda alisikia adhana, maana sauti hupita juu ya maji kwa wepesi. Twafikiri hiyo ilikuwa sehemu ya adhabu yake, kuona mahali palipo na watu asiweze kupafikia. Asiyekaa pwani hatafahamu jambo hili upesi, lakini sisi tuliolelewa kando ya bahari twajua jinsi maili tatu za maji zilivyo fupi kwa mwenye ngalawa, na jinsi zilivyo ndefu kwa asiye nayo.

Hatuna jina la mmoja wao. Si jina la mtu, wala la kijiji, wala la mama yake. Katika sheria ya kale ya yubile, kama mjuavyo, mtumwa aliachwa huru arudi kwa jamaa zake na katika urithi wa baba zake. Watu wa Changuu hakuna aliyewapigia tarumbeta. Na hata ile Juni ya mwaka wa 1873 soko lilipofungwa, utumwa wenyewe haukukoma. Ulipoteza hukumu yake mbele ya sheria ya Unguja mwaka wa 1897 tu, yaani miaka 24 baadaye. Twayasema haya kwa kuwa wako watu wanaodhani kwamba siku soko lilipofungwa minyororo yote ilianguka chini. Haikuanguka. Iliendelea kupita baharini usiku.

Ndipo ilipokuja ile merikebu kuukuu ya mbao, manowari London. Ilitia nanga mbele ya mji mwaka wa 1874, ikakaa karibu miaka kumi kama nyumba inayoelea, na mashua zake zikatumwa huku na huku kuyapekua majahazi. Watu walioopolewa katika majahazi hayo, wengine wao wakiwa watoto wadogo, waliletwa kwa wamisionari. Wavulana wakasomeshwa Kiungani, na kina mama na wasichana wakakaa Mbweni. Katika ninyi mnaosikiliza wako wajukuu na vitukuu wa watu hao, nanyi mwajijua. Hatuwataji.

Kazi ya mashua zile haikuwa ya raha. Jua, mvua ya masika, homa, na siku nyingi za kungoja katika ghuba za Pemba. Tena palikuwa na hila moja iliyowaudhi sana mabaharia: jahazi lililopandisha bendera ya Kifaransa halikuweza kupekuliwa na Waingereza kama mengine, na wenye watumwa walijua hilo. Mwezi wa Desemba mwaka wa 1881 Kapteni Brownrigg, mkuu wa London, alilisogelea jahazi lenye bendera hiyo karibu na Pemba, akiwa na watu wachache katika mashua yake. Wenye jahazi wakamrukia ghafula, naye akapigana mpaka akafa. Akazikwa Chapwani.

Basi sasa tumefika Chapwani. Wageni hukiita Kisiwa cha Makaburi, na kweli yako makaburi ndani ya kiwanja kilichozungushiwa ukuta, chini ya miti. Wengi waliolala humo ni mabaharia wa Kiingereza waliokufa katika kazi ya kuyazuia majahazi ya watumwa. Juu ya miti wanakaa popo wakubwa, na vichakani wamo paa wadogo sana. Ni mahali pa kimya. Twakiri kwamba palitupendeza kuliko tulivyotazamia, na tukaona haya kidogo kupendezwa.

Katika kiwanja hicho wamo pia mabaharia wa manowari Pegasus. Habari yao wazee wetu walizisimulia sana. Vita vya Wadachi vilipoanza mwaka wa 1914, Pegasus ilikuwa bandarini imetia nanga, mitambo yake inatengenezwa, haiwezi kwenda. Alfajiri ya Jumapili tarehe 20 Septemba manowari ya Wadachi, Königsberg, iliyokuwa imejificha katika midomo ya mto Rufiji, ikatokea ghafula, ikapiga mizinga kwa mbali. Mizinga ya Pegasus haikuweza kufika ilikokuwa adui. Kabla watu wa mjini hawajafahamu ni nini, merikebu ilikuwa imeharibika, na baadaye ikazama. Zaidi ya mabaharia 30 walikufa. Königsberg ikarudi Rufiji, nayo haikutoka tena. Mwezi wa Julai mwaka wa 1915 wenyewe waliizamisha mtoni baada ya kupigwa na Waingereza.

Sasa twataka mlinganishe vitu viwili. Chapwani, mgeni aliyekufa mbali na kwao ana jiwe lenye jina lake. Kanisani Mkunazini liko dirisha la vioo vya rangi la kuwakumbuka mabaharia waliokufa katika kazi ile. Ni vema, alipwaye heshima astahiliyo hatutamwonea kijicho. Lakini ng'ambo ya maji kidogo tu, Changuu, wako waliofungwa, na pengine waliokufa, ambao kwa ajili yao mabaharia wale walitumwa. Nao hawana jiwe, wala dirisha. Aliyekuja kuokoa amekumbukwa. Aliyeokolewa amekumbukwa kidogo. Yule ambaye mashua ya kumwokoa ilikawia, huyo hakukumbukwa hata kidogo. Wala tusiwalaumu Wazungu peke yao kwa jambo hili, maana sisi tumekaa Forodhani miaka yote hiyo tukila urojo na mishikaki, tukikitazama kisiwa.

Tuendelee na habari ya gereza, nayo ina ajabu yake.

Miongoni mwa mabaharia wa London alikuwako kijana mmoja, Lloyd Mathews. Alikuja kukamata majahazi. Lakini Seyyid Barghash alitaka askari wa namna mpya, na mwaka wa 1877 kijana huyo akapewa kazi ya kuwafundisha. Hakurudi kwao tena kukaa. Mwaka wa 1891 akawa Waziri wa Kwanza wa serikali ya Unguja, na mwaka wa 1901 akafa hapa hapa, akazikwa hapa. Basi huyu Bwana Mathews ndiye aliyekinunua Changuu kwa ajili ya serikali mwaka wa 1893, akaanza kujenga gereza, likamalizika mwaka uliofuata. Mawazo yake yalikuwa kwamba wahalifu wakubwa wakae mbali na mji. Hata majengo yalipokuwa tayari, kuta na vyumba na milango, hakupelekwa mfungwa hata mmoja. Gereza lile halikupata kuwa gereza. Hata leo wageni huulizia “Kisiwa cha Gereza” na kupigwa picha mbele ya jengo, wakifikiri wameona mahali wezi walipoteseka. Waliofungwa Changuu walikuwa wamekwisha kuondoka miaka mingi kabla jiwe la kwanza la jengo lile halijawekwa. Jina limekwenda kwenye jengo tupu, na mateso ya kweli yamebaki bila jina. Hiyo ndiyo sababu twapenda kusema Changuu, kama wavuvi.

Badala ya wahalifu waliletwa wagonjwa. Neno karantini limetoka kwa Waitalia, na maana yake ni siku arobaini. Desturi yenyewe ni ya zamani. Mwaka wa 1377 mji wa Ragusa, ambao sasa huitwa Dubrovnik, ulitoa amri kwamba watu watokao penye tauni wakae kwanza siku thelathini nje ya mji, wengine katika kisiwa kidogo kilicho karibu. Nao watu wa Venice mwaka wa 1423 walitenga kisiwa kizima kwa ajili ya wenye tauni. Kwa hiyo si Unguja peke yake iliyofanya hivyo. Ni tabia ya miji ya pwani. Hata Cape Town ina Robben Island, ambako wenye ukoma walipelekwa tangu mwaka wa 1846 hata 1931. Kisiwa kilicho karibu na mji chafaa sana kwa watu ambao mji hautaki kuwaona, tena hautaki kusema kwamba umewatupa. Kiko mbali kiasi cha kutenga, na karibu kiasi cha kupeleka mkate.

Wala hofu yao haikuwa ya bure. Wazee wa zamani walikumbuka kipindupindu cha miaka ya 1869 na 1870, kilichowaua watu maelfu katika mji huu, hata Daktari Christie, aliyekuwa hapa wakati ule, akaandika kitabu kizima juu ya maradhi hayo na njia zake katika Afrika ya Mashariki. Ndui nayo ilikuja na kwenda. Kisha mwaka wa 1896 tauni ilishika Bombay. Na ninyi mwajua jinsi Bombay na Unguja zilivyo mlango kwa mlango, kaskazi ikivuma. Mji wenye kula kwa bandari hauwezi kuifunga bandari yake. Ilikuwa lazima pawepo mahali pa kungoja.

Basi Changuu ikawa mahali pa kungoja, si kwa watu wa Unguja peke yao, bali kwa abiria wa nchi zote za Waingereza za upande huu. Maradhi yaliyohofiwa hasa ni homa ya manjano. Merikebu yenye shaka ilitwekwa bendera ya manjano. Daktari akapanda, akatazama nyuso na ndimi za watu. Na wenye kudhaniwa wakateremshwa kisiwani wakakaa wiki moja, au mbili. Hesabu hiyo ina maana yake. Maradhi huingia mwilini kwa siri, yakakaa kimya siku kadhaa, ndipo yatokeze. Homa ya manjano huchukua siku tatu hata sita. Ndui karibu siku kumi na mbili. Mtu akikaa zaidi ya hizo asiugue, basi ameepukana nayo, aende zake.

Ni rahisi kuyasema hayo kwa hesabu. Kwa yule aliyeketi pale chini ya mti, siku kumi na nne zilikuwa kitu kingine. Hakuwa mgonjwa, wala hakujua kwamba si mgonjwa. Kila asubuhi alijigusa paji la uso. Mwenziwe akikohoa, wote waligeuza shingo. Biashara yake ilikuwa ikiharibika mjini, au harusi ilikuwa ikimngoja, au mzazi wake alikuwa hoi kitandani naye amekuja kumwaga. Na mji ule pale, waonekana. Katika mwaka wa 2020 na miaka miwili iliyofuata, ulimwengu wote ulipojifunza tena neno karantini kwa sababu ya korona, tuliwakumbuka watu wale wa Changuu. Kuna watu waliofunguliwa macho wakati huo wakafahamu kwamba kutengwa ni maumivu hata palipo na chakula na kitanda.

Na hapa pana jambo la kuchekesha kidogo, nanyi mtatusamehe. Karantini haikujaa mwaka mzima. Yapata nusu ya mwaka majumba yalikaa matupu, na wakati huo watu wenye nafasi mjini waliwapeleka wake zao na watoto wao huko huko Changuu kupunga upepo! Mahali ambapo mwezi uliopita mtu alijigusa paji la uso kwa hofu, mwezi huu watoto walicheza mchanga. Twadhani bahari iliosha vizuri.

Habari ya Bawe ni fupi. Mwaka wa 1879 Seyyid Barghash aliwapa watu wa kampuni ya simu, Eastern Telegraph, kisiwa hicho ili waya upitao chini ya bahari kutoka Aden utue hapo. Zamani barua ya Ulaya ilichukua wiki nyingi. Tangu siku hiyo neno lilifika kwa saa chache. Bei ya karafuu, kufa kwa mfalme, vita kutangazwa, yote yaliingia Unguja kwa mlango wa Bawe, katika nyumba iliyozungukwa na minazi na kaa. Baadaye waya mwingine ukavutwa mpaka Shangani. Hata habari, ilipofika mara ya kwanza, ilikaa kisiwani kama mgeni mwenye shaka kabla haijaingia mjini.

Na kobe je? Tungesahau kobe, vijana wangetuzomea.

Mwaka wa 1919 Gavana wa Ushelisheli alileta zawadi ya kobe wanne wakubwa wa Aldabra. Watu wengi hawajui jinsi wanyama hao walivyokuwa karibu kwisha duniani. Katika visiwa vya bahari yetu ya Hindi walikuwako kobe wa namna hiyo wengi mno, na mabaharia waliwala karibu wote, kwa kuwa kobe aweza kukaa chini ya sitaha wiki nyingi pasipo chakula wala maji, naye asife. Uvumilivu wake ndio uliomponza. Walibaki wale wa Aldabra, kwa kuwa Aldabra ni mbali na pakavu.

Wale wanne wakazaana. Ilipofika mwaka wa 1955 walikuwa kama 200. Kisha wakaanza kuibwa, wengine kwa nyama, wengine kuuzwa ng'ambo kwa watu wapendao kufuga vitu vya ajabu. Mwaka wa 1988 walibaki kama 100. Mwaka wa 1990 kama 50. Mwaka wa 1996 walikuwa saba. Saba tu! Mwaka huo huo wakaletwa watoto 80 wa kobe ili waongeze idadi, na nusu yao wakatoweka. Ndipo serikali, kwa msaada wa chama cha kimataifa cha kuwalinda wanyama, ikajenga boma madhubuti. Na mwaka wa 2000 wakahesabiwa 17 wazima, 50 wa makamo, na 90 wadogo. Leo mgeni akivuka huwalisha majani, huwakuna shingo, na kila kobe ana alama yake mgongoni ili asipotee.

Sisi hatuoni vibaya kobe kuhesabiwa. Twafurahi. Ila tulipokuwa tumesimama katika boma lile, tukimsikiliza kijana akitusomea hesabu hizi kwa moyo bila kukosea hata moja, mmoja wetu aliuliza, “Na watu, mwanangu? Watumwa walioletwa hapa walikuwa wangapi?” Kijana akatabasamu kwa adabu, akasema, “Hiyo, mzee, haikuandikwa.” Jibu lake lilikuwa la kweli. Hakuna aliyewatia alama isipokuwa ya kiboko.

Siku hizi visiwa vimekuwa mahali pa raha. Ziko hoteli, ziko mashua zenye vivuli vya turubai zinazochukua wageni asubuhi na kuwarudisha mchana, wako watu wapatao riziki yao kwa hilo, manahodha, wapishi, watembezaji, nasi hatuwezi kusema neno baya juu ya riziki ya mtu. Mji uliotupa huko kila ulichokiogopa sasa huuza huko kila kilicho kizuri. Hata hivyo desturi ya kutupa haijaisha. Kwa miaka mingi maji machafu ya mji yalimwagwa baharini, na mkondo ukayachukua hata kwenye miamba ya visiwa, ambako matumbawe hufa kwa uchafu kama mtu afavyo kwa moshi. Tena mwaka wa 1998 bahari ilipata joto kupita desturi, na matumbawe mengi ya pwani yetu yakageuka meupe. Jiwe lile tulilojengea mji ni kiumbe hai lingali majini. Likifa halikui tena, na changu hatakuwa na mahali pa kukaa.

Jambo linalotuuma zaidi ni dogo kuliko hayo. Watoto wa mjini hawavuki. Tumewauliza wengi, katika shule na katika mafundisho ya Jumapili, “Nani amefika Changuu?” Mikono hunyanyuka miwili mitatu. Wanajua kwamba ni “kwa wageni”. Wanakitazama kila jioni, maili tatu na nusu, kama walivyoutazama mji wale waliofungwa huko, ila kwa upande wa pili.

Kwa hiyo tumepatana, sisi tuliokabidhiwa maneno haya, kwamba katika majuma ya yubile tuwavushe watoto, darasa moja kwa siku. Mashua mbili zimekwisha kupatikana, na manahodha wao ni watu tunaowafahamu; hawatapakia kupita kiasi. Tutaondoka maji yakiwa yamejaa, maana bamvua ikikupwa mtu hulazimika kutembea mbali juu ya miamba, na vyatu vya watoto havifai. Kwanza tutapita Chapwani, wasome majina yaliyo juu ya makaburi kwa sauti, mmoja mmoja, hata yale magumu. Kisha tutakwenda Changuu. Hatutaanza kwa kobe, ingawa tutalalamikiwa. Tutawapeleka kwanza upande uelekeao mji, tuwakalishe juu ya mwamba, tuwaambie wanyamaze kidogo, watazame kwao. Wazazi wanaotaka watoto wao waende na wamwandikishe kila mtoto kwa mwalimu wake kabla ya Jumamosi, pamoja na jina lake kamili, la baba yake, na la babu yake.